Ishirini na Saba Elfu, Mia Saba na Ishirini

Chokaa kuukuu ikilowa maji hutoa harufu ya peke yake. Ina uchachu kidogo, na nyuma ya uchachu huo kuna udongo, na nyuma ya udongo kuna moshi wa kuni zilizowapikia watu ambao wengi wao sasa wamelala makaburini. Mwezi uliopita mafundi walikuwa wakikwangua ukuta wa jiko letu la uani, hapa Tabora, kabla ya kuubomoa. Mimi nilikaa kitini nikiwasimamia, maana mafundi wa siku hizi usipowatazama hubomoa hata kisichowahusu. Mmoja wao akaniita.

"Bibi, njoo uone. Kuna mtu alichora humu."

Nilijua ni nini kabla sijainuka. Chini ya chokaa, juu ya matofali ya udongo, kulikuwa na alama za mkaa, mstari mmoja kwa kila tofali. Kijana alizihesabu kwa kidole mpaka mwisho, kisha akacheka. "Sitini na tisa. Fundi wenu huyu alichoka nini, hata asifikishe sabini?"

Nikamwambia aweke nyundo chini kwanza. Aliyechora hakuwa fundi. Nilikuwa mimi, nikiwa darasa la tatu, na siku ile nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote niliyopata kuishi baadaye, nikiwa nimezaa, nimezika na nimeishi sana.

Nyumba hii aliijenga babu yangu mzaa baba. Alikuwa seremala wa milango. Bibi yangu alipofariki, babu alimwoa mwanamke wa Ujiji ambaye sisi watoto tulimwita Bibi Mdogo. Alikuja Tabora akiwa msichana, kwa miguu, kwa njia ile ile ya misafara, kabla reli haijafika, na mpaka uzeeni alitembea kama mtu anayejua safari bado ndefu. Hakujaliwa mtoto. Alitulea sisi, akatufundisha kula dagaa na vichwa vyake, na kumkemea kuku asiyesikia.

Babu alifariki, na hakuna aliyegawa chochote. Watu walikuwa wakila chungu kimoja, nani angeanza kuuliza habari za mirathi? Bibi Mdogo naye akafariki. Kisha kaka zake wawili wakafariki huko kwao. Ndipo ikaja barua kutoka Ujiji, kwa kaka yake mkubwa aliyekuwa bado hai. Aliandika kwamba angekuja kwa gari moshi baada ya miezi miwili, kusikiliza haki ya dada yake na ya wote waliomrithi.

Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaikunjua tena. Alikuwa mtu mpole, fundi kama baba yake, na hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya randa, msumeno na sehemu yake ya nyumba hii. Nilimsikia akimwambia Baba Mkubwa barazani, "Nyumba hailiwi vipande. Wakitaka chao, itauzwa."

Baba Mkubwa akasema, "Twende wapi?"

Siku hizo mama alikuwa na mimba kubwa. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho uani, kimeegemeana na jiko. Tulilala humo mimi, mama na mdogo wangu Hamisi, kwa kuwa baba alihamia barazani mama alipoanza kuwa mzito. Kwa hiyo neno lile, "itauzwa," nililibeba kichwani mpaka chumbani, nikalala nalo.

Maalim wangu wa chuo cha Kurani ndiye aliyeitwa kupiga hesabu ya mirathi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, mkali darasani na mpole mno nje ya darasa, jambo ambalo sisi wanafunzi tuliliona ni udanganyifu. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja na ubao wake, akaketi barazani na baba, Baba Mkubwa na shangazi. Mimi nilijibanza karibu. Nilipenda hesabu, kupenda kwa kuudhi watu. Shuleni tulikuwa tumefika mara kumi na mbili, na nilikuwa naziimba hata chooni.

Siku ya kwanza Maalim alisema, "Marehemu mzee ameacha mke, wana wawili na binti mmoja. Mke ana thumuni, fungu moja katika manane. Yanayobaki ni ya watoto, mwana mawili, binti moja. Ili asikatwe mtu, tunaanza na arobaini."

Arobaini lilikuwa jambo dogo. Hata shangazi alitabasamu.

Siku ya pili akamgawa Bibi Mdogo. Alikuwa na kaka wanne na dada mmoja. Kaka mawili, dada moja, jumla tisa. Arobaini mara tisa, mia tatu na sitini. Siku ya tatu akamgawa kaka wa kwanza aliyefariki, mwenye wana watatu na binti, jumla saba. Ikawa elfu mbili, mia tano na ishirini. Baba akajifuta uso.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya kaka wa pili. Huyo aliacha wana watano na binti mmoja, kitinda mimba, jina lake Zaituni. Wana watano mawili mawili ni kumi, na binti moja, kumi na moja. Maalim akazidisha taratibu, akakohoa, akageuza ubao ili wote waone.

"Ishirini na saba elfu, mia saba na ishirini."

"Maalim," baba akasema, "hiyo si mirathi tena. Huo ni mchanga."

Shangazi hakuwa mtu wa kunyamaza. "Kwa hiyo katoto ka Ujiji, ambako hata sura yake hatuijui, ndiko kanakotuzidishia hesabu mara kumi na moja?"

"Ndiko," Maalim alijibu. "Na fungu lake ni sabini."

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi, na msomaji wa umri wangu asinicheke sana. Nyumba ilikuwa inagawanywa. Nyumba ni matofali. Kama imegawanywa mafungu ishirini na saba elfu, mia saba na ishirini, basi nyumba yetu ilikuwa na matofali ishirini na saba elfu, mia saba na ishirini, na Maalim, kwa elimu yake, alikuwa ameyahesabu bila kuinuka mkekani. Mzee wa Ujiji angeshuka kwenye gari moshi na watu wake, kila mmoja angechukua idadi yake, na Zaituni angechukua sabini. Nilijua sabini ni mengi. Nilikuwa nimeona ukuta wa banda la kuku ulipoanguka masika, na hayakuwa hata arobaini.

Nikaamua kumchagulia. Nilichukua mkaa nikaenda kwenye ukuta wa jiko, upande wa mbali na chumba chetu, nikatia alama matofali sabini, mstari mmoja kila tofali. Nilifikiri akiyakuta yamekwisha kuwekwa tayari hatakuwa na sababu ya kugusa ukuta wa mama. Nilianza na yeye kwa sababu alikuwa mdogo kama mimi, na kwa sababu mafungu ya wakubwa yalikuwa mengi na mkaa ulikuwa mmoja.

Lakini namba yenyewe haikuniacha. Niliiandika ardhini, kwa kijiti, nikaanza kuigawanya. Kwa mbili, haikubaki kitu. Kwa tatu, haikubaki kitu. Kwa nne, kwa tano, kwa sita. Nilipofika saba nilisita, maana saba ni korofi, haikubaliani na namba nyingi. Ikatoka elfu tatu, mia tisa na sitini, safi. Nane safi, tisa safi, kumi haina haja ya kuulizwa. Kumi na moja safi. Kumi na mbili, elfu mbili, mia tatu na kumi, safi. Sikuwahi kukutana na namba yenye moyo wa namna hiyo. Ilimkubali kila aliyebisha hodi. Na sisi nyumbani tulikuwa kumi na wawili: baba, mama, mimi na kaka zangu wawili na Hamisi, Baba Mkubwa na mkewe na mtoto wao, shangazi na binti zake wawili. Nikaona wazi kwamba kila mtu atapata pa kukaa, na wala sikumwambia mtu, nikakaa na furaha yangu kama mtu aliyeficha muwa.

Kisha mama akapita akielekea jikoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Nikakumbuka kwamba tungekuwa kumi na watatu.

Nikagawanya kwa kumi na tatu. Elfu mbili, mia moja thelathini na mbili, na inabaki nne.

Nilirudia. Inabaki nne. Nilifuta kwa mguu, nikaandika upya upande wa kivuli, ikabaki nne. Wanne wasio na mahali. Haikunichukua muda kuwajua. Chumba cha mwisho uani, kilichojengwa baada ya vyote, kingekuwa na watu wanne: mama, Hamisi, mimi, na huyo aliyekuwa anakuja. Na katika orodha ya Maalim jina la mama halikuwamo kabisa, yeye mtu wa Goweko, binti wa wakulima, aliyeingia nyumba hii kwa ndoa.

Nikasema moyoni, na ninakumbuka nilikuwa nimeshika kijiti bado: Mungu, huyu mtoto asije.

Mzee wa Ujiji, ambaye tuliambiwa tumwite Babu, alifika asubuhi na kikapu cha dagaa na chupa ya mawese. Alikuwa mrefu, kanzu yake imechakaa lakini imepigwa pasi. Nilimpa shikamoo, akanijibu marahaba na kuniwekea mkono kichwani, na mimi nikatazama kama ana chombo cha kubomolea. Hakuwa nacho. Nilidhani kimebaki stesheni.

Lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi naye, kwa sababu mama alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake alfajiri. Bibi yangu wa Goweko, mama yake mama, alikuwa ameletwa kwa baiskeli. Yeye ndiye alikuwa mkunga. Alifika, akatusalimia "Mwangaluka" mara moja tu, akaingia chumbani na mlango ukafungwa. Saa zikapita. Shangazi alitoka kuchukua maji, akaingia, akatoka tena, na kila alipotoka uso wake ulikuwa umepungua maneno. Nilimsikia akimwambia mke wa Baba Mkubwa, "Amechoka. Mtoto hasogei."

Nilikwenda kwenye ukuta wangu wa alama nikakaa chini nikalia, kwa mkono mdomoni ili nisisikike. Maalim alikuja uani kutawadha kwa ajili ya alasiri, akanikuta.

"Unalia nini?"

"Nimemuua mama."

Hakushtuka. Aliweka birika chini, akachutama, magoti yakalia. "Umemuuaje?"

Nikamwambia yote. Matofali, sabini, namba inayomkubali kila mtu mpaka kumi na mbili, na mtoto anayeiharibu. Nikamwambia niliomba asije, na sasa haji, na mama anakwenda naye.

Maalim akaokota kijiti changu. Nilidhani ni cha kunichapa. Akagawanya namba ile kwa kumi na tatu, pale pale vumbini, polepole, akafika mwisho.

"Inabaki nne," akasema. "Umegawanya sawasawa. Ila umegawanya kisichohusika. Namba hii haina habari na wanaolala humu, wala na matofali. Hakuna atakayevunja ukuta."

"Mbona kubwa hivyo?"

"Kwa ajili ya wadogo. Wakubwa hawakuzi hesabu, mwanangu. Ningewataka baba yako na ndugu zake na marehemu peke yao, arobaini ingenitosha, ningekwisha kazi siku ya kwanza nikalale. Nimefika huku juu kwa sababu ya mtoto mmoja wa Ujiji, ili fungu lake litoke zima, asiambiwe chako ni kipande cha kipande." Akakohoa. "Na ile dua yako, isahau. Mungu angekuwa anapokea dua za kijinga za watoto, mimi ningekwisha kufa. Chuo kizima mnaniombea."

Nilicheka huku kamasi zikinitoka. Na kabla sijamaliza kucheka, shangazi akapiga vigelegele.

Vigelegele vile viliingia mwilini mwangu vikanifungua kila kilichofungwa. Nilisimama. Mtoto amekuja, mama yupo, maana vigelegele havipigwi juu ya maiti. Tulikuwa kumi na watatu, na potelea mbali hao wanne, tungelala hata nje kwenye mvua. Maalim alikuwa anasema "Alhamdulillahi" na kuinua birika lake.

Kisha kimya. Sauti ya bibi wa Goweko, kwa Kinyamwezi, haraka haraka. Shangazi akasema, "Yallah!" Nikamshika Maalim kanzu. Hakunitoa.

Vigelegele tena. Mara ya pili, virefu kuliko vya kwanza, na mlango ukafunguliwa, na shangazi akatoka jasho likimtiririka, akicheka kama mwendawazimu. "Wawili! Jamani, wawili! Mama yao mzima!"

Maalim alinitazama. Alinipa kijiti.

Alikuwa amekwisha kuniambia kwamba namba haihusu watu wa nyumba, nami nilikuwa nimemwamini. Niligawanya hata hivyo. Kwa kumi na nne. Nikakosea mara moja, nikafuta, nikarudia. Elfu moja, mia tisa na themanini.

"Inabaki ngapi?" Maalim akauliza.

"Haibaki kitu."

"Basi kanawe uso."

Walipewa majina ya Kiislamu siku ya saba, lakini bibi wa Goweko alikuwa amekwisha kuwaita Kulwa na Doto, na ukishaitwa hivyo Unyamwezini huna jina lingine.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Maalim aliwasomea watu barazani. Baba alikaa kama mtu anayesubiri hukumu. Furaha ya mapacha ilikuwa usoni pake, na chini yake ile hofu nyingine, kwamba amepata watoto wawili siku anayopoteza nyumba. Maalim alianza na baba na Baba Mkubwa, elfu tisa, mia saba na mbili kila mmoja. Shangazi nusu yake. Akashuka kwa ndugu wa Bibi Mdogo, mia saba na sabini kwa Babu wa Ujiji mwenyewe, akashuka kwa wana wa marehemu wa kwanza, wa pili, jina kwa jina, mpaka wa mwisho kabisa. "Zaituni, sabini." Babu wa Ujiji alisikiliza akiwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inayafuata majina.

Alipofumbua macho alisema, "Hakuna aliyesahauliwa."

"Hakuna," Maalim akasema.

"Dada yetu alikuja huku na miguu yake, tukadhani ameliwa na njia. Tulitaka kujua kama huku ana watu, na kama sisi tunajulikana." Akatoa karatasi mfukoni. "Hizi ni sahihi na alama za dole gumba za wote. Wamesema, wakihesabiwa kwa haki, wamesamehe. Nami nimesamehe changu. Nyumba ni yenu."

Baba aliinama akafunika uso kwa mikono. Nilikuwa sijapata kumwona baba akilia, na sikuogopa.

"Ila mmoja," Babu akaendelea, na baba akainua kichwa. "Zaituni bado mtoto, tena yatima. Mali ya yatima haina wa kuisamehe, si mimi, si kaka zake. Sabini yake inabaki humu mpaka akue aseme mwenyewe."

Watu wakatazamana. Sabini katika ishirini na saba elfu, mia saba na ishirini. Nani angejua iko wapi katika nyumba? Mimi nilijua. Nikasema, "Yako jikoni. Nimeyatia alama."

Walicheka wote, baba akicheka zaidi ya wote, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Babu wa Ujiji hakucheka. Aliniambia nimwonyeshe. Akafuatana nami uani, akasimama mbele ya ukuta, akahesabu moja moja kwa sauti, mpaka sabini. "Vizuri," akasema. "Nitamwambia nimeyaona."

Baba aliupaka ukuta chokaa kwa ajili ya akika ya mapacha, na alama zikafunikwa. Zaituni alikuja miaka mingi baadaye, mwanamke mzima, mcheshi, njiani kwenda kuolewa. Baba akamuuliza kama anasamehe. Akasema, "Hata tofali moja! Nikisamehe nitakuwa nimekuja kwa nani?" Akala, akalala siku tatu chumba cha mapacha. Alipoondoka alimwomba baba amchomolee tofali moja la yale sabini pale jikoni, baba akaziba mahali pale kwa jiwe, naye Zaituni akaenda na tofali lake kwenye kapu la nguo zake.

Mafundi walikuwa wananisubiri. Nilimpigia Zaituni simu. Masikio yake yamekuwa mazito kama yangu, tulipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nikamwambia jiko linabomolewa, nifanyeje na mali yake. Akaniuliza yamebaki mangapi.

"Sitini na tisa."

"Hesabu yako safi," akasema. "Lile lingine liko hapa ukutani kwangu, nimeliegemea."

Nikamwambia yule kijana ayatoe moja moja kwa mkono, asitumie nyundo, na ayapange kivulini. Akauliza ni ya nini, matofali ya zamani namna hii. Nikamwambia yana mwenyewe.